Uso Uliobaki Wazi

Mtu wa kwanza kunirushia kiti katika nchi hii alikuwa mwalimu wangu wa kuchora. Hakikunipata. Kilipita kando ya bega langu kikagonga mlango wa gereji aliyofundishia, naye akaendelea kunieleza kosa langu kwa sauti ileile. Kosa lenyewe lilikuwa kidole gumba cha mguu. Nilikuwa nimekichora kirefu kuliko kilivyokuwa, kwa sababu vidole gumba nimevijua tangu utotoni na sikuona haja ya kukitazama kile kilichokuwa mbele yangu.

"Nani alikuambia uchore ile unajua?" alifoka. "Mi sikukuuliza unajua nini. Unaona nini? Eh? Angalia!"

Nikakiokota kiti, nikamrushia. Mimi nami shabaha sina. Kiliangukia ndoo ya mabrashi, tapentaini ikamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Voilà," akasema. "Sasa kaa. Anza tena ku kisigino." Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Alizaliwa wapi na alikuwa mtoto wa nani sitasema, kwa sababu sijui, na kila aliyejaribu kumuuliza alikabidhiwa ufagio. Tulimwita Mwalimu. Wakongo, Wakenya, sisi Watanzania wawili watatu, hata majirani Wamarekani walimwita hivyo wakidhani ndilo jina kwenye leseni yake ya udereva. Tangu afariki nimesikia watu wakimpaka asali kwenye vikao, eti alikuwa mpole, eti alitulea. Hakuwa mpole hata kidogo. Mimi nitamsema alivyokuwa, na kama ana neno, tutaonana huko mbele.

Gereji ilikuwa Haltom City, huku Texas, nyuma ya nyumba ya mbao aliyopanga. Mimi nilikuwa nikitoka Mesquite, kazini kwangu kwenye ofisi ya bima, navuka Dallas yote na foleni zake kwenda kutukanwa. Aliyenipeleka ni Njeri, muuguzi Mkenya tuliyekaa naye jengo moja. Aliniona nimeanza kurudi nyumbani na kulala na viatu, akaniambia, "Wewe, utakufa na stress. Kuna mzee Mkongo anafunza watu kuchora. Lakini nakuonya, ni kama jeshi." Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Alinijibu, "Weka mufuko chini. Chukua mukaa."

Mkaa ule nilikaa nao mwaka mzima. Hapakuwa na rangi wala watu wa kuchora, wala mandhari. Palikuwa na mguu wa plasta juu ya kreti, taa moja, na karatasi. Unachora mguu. Ukiumaliza, anakuja nyuma yako, anasimama kimya mpaka shingo inakuwasha, halafu anaupangusa wote kwa kiganja cha mkono. "Tena." Siku ambazo hasira ilimpanda zaidi alitumia kisu cha kukwangulia rangi, akaichana karatasi kutoka juu mpaka chini. Njeri alichaniwa mara nyingi hadi akawa analeta karatasi za bei rahisi kwa makusudi. Mwanamume mmoja aliyetoka Cedar Hill na suti yake, mhasibu, alichapwa ufito kwenye vifundo vya vidole, akasimama, akasema atampeleka mahakamani. Mwalimu alimwambia, "Enda. Lakini hii haiko muguu. Hii ni mukate." Yule bwana hakurudi, na kwa kweli mguu aliouchora ulikuwa mkate.

Alifundisha hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Huko Kongo, kwenye shule ya misheni, alikuwa na Bruda mmoja wa Kibelgiji, na yule Bruda alikuwa amefundishwa na mzee aliyefundishwa na mtu aliyekaa kwenye karakana za Paris za karne ya kumi na tisa. Kwa hesabu hiyo Mwalimu alijiona mjukuu halali wa karne ile. Wachoraji wake aliwasimulia kama watu wa mtaa wa pili. Alitueleza jinsi mwanafunzi mpya alivyopokelewa na wenzake: anavuliwa nguo zote, anafungwa kwenye ngazi, anapakwa rangi, anatembezwa barabarani huku watu wakicheka, na akirudi anawanunulia wote vinywaji. Asiyeweza kuvumilia alipigwa. Walipigana kwa vigoda, wakavunjana meno kwa sababu ya nafasi nzuri karibu na jiko. Vijana walitoka vijijini na chakula mfukoni, wakachora plasta miaka na miaka, wengine wakakohoa damu kabla hawajaruhusiwa kushika brashi. Mkuu wa karakana alipita mara moja kwa wiki, akatamka maneno mawili mbele ya kila kazi, na maneno hayo mawili yaliweza kumfanya mtu ajirushe mtoni.

"Na wanawake?" Njeri aliuliza siku moja.

"Wanawake walikatazwa kuingia."

"Ati walikatazwa?"

"Kuko watu uchi mule ndani, wanawake wataona. Basi wakakatazwa. Wengine walivaa suruali, wakaingia kwa nguvu." Akamtazama Njeri alivyokaa na sare yake ya hospitali. "Weye ungeingia. Ungepiga mutu."

Alichokipenda zaidi kusimulia ni habari za maiti. Kulikuwa na wachoraji wa wakati ule, alisema, ambao hawakutaka kumchora mfu kwa kubahatisha. Walikwenda hospitali, wakapatana na wahudumu, wakarudi na mkono au kichwa ndani ya gunia, wakakiweka mezani, wakakichora kila siku kadiri rangi yake ilivyobadilika, madirisha yamefungwa ili majirani wasisikie harufu. Bruda naye aliwapeleka wao vijana kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya misheni, wakachora wamesimama, na aliyetapika alipewa ndoo akaambiwa aendelee. Niliuliza kama yeye alitapika. Akasema ndiyo, mara nyingi. Halafu vita vikaja, na hakuhitaji tena kwenda hospitali kuwaona.

Hapo ndipo ilipotoka picha yake kubwa. Ilikuwa imejaa ukuta mzima wa nyuma wa gereji, kutoka sakafuni mpaka darini, turubai lililoshonwa vipande vipande. Ukiingia kutoka kwenye jua la Agosti, macho yalichelewa kuizoea, halafu ukaanza kuona miguu. Ni usiku mmoja, ndani ya parokia moja ya kwao. Watu wamekimbilia humo, na wenye mapanga wamewafuata. Benchi zimepinduka. Kuna mzee ameshika nusu ya mkono wake kama mtu aliyeshika mzigo wa mwingine. Kuna mama amelalia watoto na mgongo wake umefunguka. Kila jeraha lilikuwa mahali pake, na kila mtu alikuwa mtu, ana kucha, ana chozi, ana soksi iliyotoboka. Mara ya kwanza nilitoka nje nikashika ukuta. Mwalimu alinifuata na kikombe cha maji. Akasubiri ninywe, kisha akaniuliza kama nadhani kivuli cha benchi kiko sawa.

Hakuweza kuchora kitu ambacho hakikuwa mbele yake. Hii ndiyo siri yote ya kazi yake, na ndiyo iliyomfunga. Bruda alimpiga ufito mpaka uwezo wa kubuni ukamtoka. Kama anataka mkono ulioanguka, mtu alikuja akaangusha mkono. Kwa hiyo sote tumo kwenye ile picha. Mimi ni mwanamke aliyelala chali karibu na altare, mdomo wazi, na nililala hivyo juu ya saruji Jumamosi nyingi mpaka nikapata mafua. Njeri ni yule anayekinga uso kwa viganja. Hapo kwanza alikuwa maiti, lakini mama yake kule Nakuru aliota ndoto akapiga simu analia, na Jumamosi iliyofuata Njeri alifika amefura. "Mwalimu, mimi niamshe," alisema. "Sitaki kukufa hapo. Nipake nikiwa hai, ama nitoe kabisa." Wakabishana mpaka jioni. Alimwamsha.

Kazi ilikuwa kwenye wauaji. Watu wa makanisa walikubali kulala kama wafu, ila hakuna aliyekubali kushika panga. Baba mmoja Mkongo alimwambia, "Watoto wangu wataona mi nakata bantu? Hapana." Mwalimu aliwasihi, akawatukana, mwisho akasimamisha kioo kikubwa cha kabati mbele ya turubai, akavua shati, akashika panga la kufyekea nyasi. Wauaji wote kwenye ile picha wana mikono yake. Ukiijua mikono ya Mwalimu, yenye mishipa kama kamba na kidole kidogo kilichopinda, utaikuta inanyanyuka kila kona ya parokia.

Na mtu huyohuyo alikuwa hali nyama. Njeri akianza kusimulia ya chumba cha dharura, aliziba masikio. Nge wa Texas walipoingia gereji kutafuta kivuli, aliwabeba juu ya kipande cha karatasi, akawapeleka kwenye majani huku akiwasemesha. Alitupikia sombe, kisamvu cha kwao, na ugali siku za baridi, na aliyemaliza sahani aliongezwa bila kuulizwa. Kusifia hakujua. Ukifanya vizuri alinyamaza, akaenda kumkaripia mwingine, nasi tukajifunza kusherehekea ule unyamavu. "Rangi ni sukari," alisema tulipolalamika kuwa tumechoka na mkaa. "Mutoto anataka sukari. Kwanza kula."

Siku ya polisi nilidhani tutamzika. Alikuwa ameamka vibaya, akagundua kwamba mguu wa mmoja wa wafu wake ulikuwa wa uongo, akaanza kuukwangua kwa kisu huku akipiga kelele kwa Kifaransa na Kiswahili na lugha nyingine nisiyoijua. Mlango wa gereji ulikuwa juu kwa ajili ya joto. Jirani mpya aliyeona kisu, mikono yenye rangi nyekundu na sisi wanawake tumesimama ukutani alipiga simu. Waliingia maofisa wawili, mmoja bastola mkononi tayari. Akaamuru kisu kishuke. Mwalimu hakugeuka hata shingo.

"Muambie atoke," alisema kwa Kiswahili. "Anasimama mu mwangaza yangu."

Sijawahi kuogopa namna ile. Niliona kabisa jinsi mgongo wake utakavyofunguka. Njeri ndiye aliyesogea, mikono juu, kwa ile sauti wauguzi wanayowasemeshea watu waliochanganyikiwa. Aliwaambia wale maofisa kwa Kiingereza kwamba huyu ni mwalimu wetu, kwamba ni rangi tu, kwamba mzee hasikii vizuri. Kisha, bila kubadili sauti, "Mwalimu, hiyo kisu weka chini polepole, ama huyu kijana atakuua, na mimi nitakukasirikia. Tafadhali."

Alikiweka. Walimlaza kifudifudi juu ya tapentaini wakamfunga pingu, na mmoja alimkandamiza shingo kwa goti kwa muda ambao bado naufikiria. Yule mwenye bastola akaiona picha. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaiangalia yote, akarudisha silaha yake, akamwambia mwenzake amfungue mzee. Walipoondoka nilimpigia Mwalimu kelele mpaka sauti ikakauka. Nilimwita mpumbavu. Nilimwuliza kama anataka sisi tuokote ubongo wake kwenye sakafu. Alifuta damu mdomoni, akaniacha nimalize, akaniambia kwamba kwenye ile picha mdomo wangu umefunguka kidogo mno. Sasa hivi, nilivyokuwa nikipiga kelele, ndio ulikuwa sawa.

Katikati ya picha palikuwa na mwanamke ambaye hakuwa na uso. Kila kitu kingine kilikuwa kimekamilika: kitenge, shingo, mkono ulionyooshwa kwenda dirishani. Juu ya shingo palikuwa na turubai tupu. Wageni walidhani ni ubunifu. Nilimwuliza mara moja, akanipa ufagio. Nilikuja kulijua jambo lile kupitia mchoro mwingine kabisa.

Mchoro huo ulikuwa wa mguu uleule wa plasta, umebandikwa juu ya sinki, bila jina. Ndio uliotumika kutuadhibu. "Angalia ule," alisema kila alipotuchania karatasi. "Ule mutu aliona." Ulikuwa mzuri wa kutia uchungu. Sote tulidhani ni kazi ya Bruda, au yake ya ujanani. Jioni moja tukisubiri mvua ya mawe ipungue, nilimwuliza ni nani. Akasema ni binti yake, Furaha, alipokuwa na miaka kumi na miwili.

"Yuko wapi?"

"Houston. Ni infirmière. Hachore tena."

"Kwa nini?"

"Juu nilimupiga," alisema, kama anayesema nilimfundisha. "Kila siku nilimupiga. Ku vidole, ku mugongo. Alikuwa mukubwa kuniliko, unaelewa? Vile mi nachora, yeye alipita kule ana miaka kumi. Mi nilitaka afike. Akiwa na kumi na sita akatoka mu mlango, hakurudi."

Nilimwambia kwamba yeye ni mtu mbaya. Nilisema hivyo hivyo, sikutafuta neno laini. Akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo halikunipa raha yoyote. Ndipo akanieleza mengine. Usiku ule wa parokia alimbeba Furaha, angali mtoto mdogo, akaruka naye dirishani. Mkewe alikuwa nyuma yao, mkono umenyooshwa. Nyumba yao ilichomwa na picha zote zikaungua. Hakubaki na hata ya kitambulisho. Amejaribu miaka yote kumweka kwenye turubai kwa kumbukumbu, na kila mara ametoka mwanasesere. "Najua alikuwa na macho makubwa," alisema. "Kujua haiko kuona. Ule uso uko mahali moja tu mu dunia. Furaha anafanana naye kabisa. Na mi nimemufukuza."

Wakati huo kisukari kilikuwa kimekwisha kuingia machoni. Njeri ndiye aliyegundua, kwa jinsi alivyoanza kugeuza kichwa pembeni ili akuone. Alimburuta kliniki kwa nguvu, akarudi ameng'ata midomo. Jicho moja lilikuwa limekwenda. La pili lilikuwa na miezi, pengine. Mwalimu hakulalamika. Alivunja tu kioo cha kabati kwa ngumi, tukamfunga bandeji, na Jumamosi iliyofuata akanichania karatasi kama kawaida.

Namba ya Furaha ilipatikana kupitia wauguzi wenzake, ambao wanajuana nchi nzima. Nilimpigia bila kumwambia baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kimya kama alivyokuwa akinyamaza Mwalimu nyuma ya shingo yangu.

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Hapana. Hajui kama nimepiga."

"Dada, nikuulize. Anataka kuniona mimi? Ama anataka uso?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, "Anataka uso wa mama yako. Macho yanamwishia."

Alicheka kicheko kibaya. "At least wewe unasema ukweli. Anataka uso wangu, mimi mwenyewe hanitaki." Nikasikia watoto nyuma yake wakigombana kwa Kiingereza, akawanyamazisha. "Niko off Alhamisi. Mara moja tu. Akipandisha sauti, mnatoka nje, both of you. Sitarudia."

Nikamwendesha Mwalimu mpaka Houston. Alivaa koti ambalo sijawahi kuliona na kukumbatia ubao wake wa kuchorea njia nzima, na tulipofika karibu na Corsicana alinisihi nirudi. Nilikataa. Aliniita majina, nami nikamwita mengine, tukaendelea. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea huruma, na vyote viwili vilinichosha kuliko ile barabara.

Furaha alifungua mlango akiwa amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Hakumkumbatia. Alisema, "Karibu, Baba," na Mwalimu akasema, "Aksanti," na hayo yakawa maamkizi ya miaka yote ile. Kiti kilikuwa kimeshawekwa karibu na dirisha, mahali mwanga unapoingia kwa upole bila jua. Alikuwa amekiweka mwenyewe, kwa kuwa alijua. Nami nikamwona Mwalimu anaona kwamba anajua.

Akakaa. Akafungua kitambaa, akazivuta nywele zote nyuma.

Kovu lilianzia kwenye nywele, likashuka kwa pembe mpaka kwenye nyusi ya kushoto na kuikata vipande viwili. Lilikuwa pana, kovu la jeraha lililochelewa kushonwa. Mwalimu alisogea mpaka jicho lake zima lilipompata vizuri, akanyoosha mkono akipima kwa kipande cha mkaa, akaanza. Sijaona mtu akikaa kimya kama alivyokaa yule dada. Hata kope zilipepesa kwa adabu. Alikuwa amefunzwa kukaa vile kwa mapigo, na bado mwili ulikuwa haujasahau.

Karatasi ikajaa taratibu. Macho yalikuwa makubwa kweli. Nilimsikia Mwalimu akipumua kwa kasi, kama mtu anayepanda ngazi, na nikajua kwamba anamwona mkewe. Halafu mkono ukafika kwenye nyusi, ukasimama.

"Hii," alisema. "Hapa. Ni nini ilikufanya?"

Furaha hakugeuza kichwa. "Nini, Baba?"

"Hii alama. Nani alikukata?"

"Wewe."

"Mi?"

"Ulinirushia mkono wa plasta. Nilikuwa na kumi na nne, nilikuwa nimekosea kifundo. Damu iliingia kwenye macho, ukaniambia nimalize kwanza. Nikamaliza. Hospitali nikasema nimeanguka kwenye ngazi. Hatukuwa hata na ngazi."

"Sikumbuke," alisema Mwalimu.

"Najua hukumbuki."

Niliwaza kile kiti changu, na kwamba mimi kilinipita pembeni, na kwamba yeye alicheka. Nilitaka kumpiga. Huyu ambaye alikumbuka soksi iliyotoboka ya maiti wa miaka ile yote, hakukumbuka uso wa mwanawe ukipasuka mbele yake. Alikuwa ameinama juu ya ubao.

"Mama yako hakuwa nayo," alisema mwisho, polepole. "Nikiacha hii… Furaha, nikiacha hii tu, ni yeye. Nimemupata. Iko hapa."

"Ukiiacha, nainuka kwenye hiki kiti."

Hakupandisha sauti. Hakuna aliyepandisha. Nje gari la takataka lilipita likirudi nyuma na kengele yake, tukalisubiri liishe. Mwalimu aliuangalia ule uso kwenye karatasi, uso alioutafuta kwa miaka yote ile, ukiwa mzima na paji lake laini. Halafu akainua jicho kwa binti yake. Akamwangalia muda mrefu, akapima kwa mkaa kutoka kwenye nywele mpaka kwenye nyusi, akarudi kwenye karatasi, akalichora kovu. Hakulipunguza. Alilichora kwa subira, na kila mshono, mpaka mwanamke wa parokia akatoweka kabisa na kule Haltom City turubai likabaki tupu lilivyo mpaka leo.

Alipomaliza alishusha ubao. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, na mimi nilikuwa nalia pia, kwa hasira kama kwa kingine chochote. Furaha akainuka, akanyoosha mgongo, akaja kusimama nyuma yake. Alisimama kimya sana.

"Huyu si mama," alisema.

"Hapana. Ni weye."

Akaendelea kuangalia. Mwalimu alikuwa amekaza shingo, mabega juu, anasubiri, na ndipo nikatambua kwamba hajawahi kusubiri hivyo mbele yetu.

"Iko sawa?" aliuliza.

"Sikio la kushoto limeshuka," alisema Furaha.

Aligeuka, akalitazama sikio la binti yake, akaitazama karatasi. Akalifuta kwa kidole, akaanza tena.